Ruhusa ya Jumapili

Glasgow, 22 Machi 1987

Mdogo wangu Fearchar,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Peigi, na mwanenu Ruaridh huko baharini kwenye mtambo wa mafuta, na mkewe, na mbwa. Mimi mzima. Paka mzima. Mhariri wangu, bahati mbaya, naye mzima.

Sasa la maana. Tumemzika baba Januari, na tangu hapo nasubiri useme neno, husemi. Basi nitasema mimi. Kila mwaka baba alishuka mtoni Jumapili moja, akarusha ndoana yenye nzi wake wa manyoya, akatoa samaki aina ya trauti, akarudi nyumbani kutukanwa na mchungaji kwa kuvunja Sabato. Alitukanwa kwa ajili ya kijiji kizima. Bibi mkubwa wa zamani, mwenye milki yote ya mto na mashamba, alipochonga ruhusa ile ya kuvua trauti kwenye jiwe la daraja, aliweka sharti: ni ya waliozaliwa ndani ya usharika, na itadumu maadamu kila mwaka mmoja wao anaitumia. Mwaka ukipita bure, imekufa. Ukiniuliza mimi, mama yule alijua anachofanya: aliwapa wacha Mungu zawadi ya siku ambayo hawatoki nje ila kwenda kanisani.

Na waliozaliwa ndani ya usharika tumebaki wawili, Fearchar. Dolina mkunga, ambaye hatagusa fimbo ya kuvulia siku ya Bwana hata umpe mbingu, na mimi. Wewe ulitanguliza miguu, ukapelekwa Inverness kwa gari la maziwa, na tangu hapo kila mtoto wa Inverarvie anazaliwa hospitalini Inverness. Hakuna tajiri aliyetunyang'anya mto. Tulinyang'anywa na wodi ya wazazi.

Nataka Jumapili ya tatu ya Mei. Wewe ndiye mlinzi wa mto, mwajiriwa wa milki, una ufunguo wa lango na fimbo ya baba. Niandalie vyote. Nitakuja na mpiga picha.

Dada yako,
Ishbel


Inverarvie, 9 Aprili 1987

Dada Ishbel,

Shikamoo. Barua yako imefika. Uliiandika Jumapili, nikaona nisiijibu kwa haraka.

Sisi hatujambo. Kondoo wamezaa vizuri, tumepoteza wachache tu. Mkwe wetu Mairead amehamia kwetu kwa kuwa Ruaridh hayupo, na nyumba yao ya mjini ina ngazi nyingi. Hawezi kukaa chumba kimoja na nyama ya nguruwe inayokaangwa. Peigi sasa anakaanga nje kama Mjipsi asiye na nyumba. Milki imekubali kututengenezea paa la chumba cha nyuma, vigae vipya kabisa. Dolina anakohoa kidogo, lakini alikuja kwa miguu yake kunywa chai.

Kuhusu Mei: mto umejaa watu. Kila sehemu imekodishwa kwa wavuvi wa samoni, Jumatatu hadi Jumamosi, bega kwa bega. Jumatano mgeni mmoja alinasa kofia ya mwenzake wa ng'ambo, wakavutana nusu saa kila mmoja akidhani amepata samaki. Trauti wakiwashika wanawatupa ukingoni kama takataka. Maji yamechafuka. Ngoja kidogo.

Ndugu yako,
Fearchar


Glasgow, 20 Aprili 1987

Mdogo wangu,

Marahaba, na salamu kwa wote, mbwa akiwamo.

Unaniambia mto umejaa Jumatatu hadi Jumamosi. Mimi nimekuomba Jumapili. Sheria ya nchi hii inakataza samoni wasivuliwe Jumapili, kwa hiyo siku hiyo mto ni mtupu kama ahadi ya waziri. Unamjibu nani, mimi au mtu mwingine asomaye juu ya bega lako?

Na hilo paa. Baba aliomba paa hilo miaka tisa. Meneja Sturrock alimwambia kila mara kwamba vigae ni ghali. Baba amekufa, vigae vimeshuka bei? Milki yenye moyo wa ukarimu ni kama paka mwenye kuomba radhi: mtu aangalie mara moja kama kasuku bado yuko kwenye tundu.

Mei basi acha. Nataka Jumapili ya kwanza ya Juni. Niandikie ni nzi gani trauti wanamdaka msimu huu, na kama uzi mwembamba utatosha pale Dimbwi la Mtungi.

Ishbel


Inverarvie, 29 Mei 1987

Dada,

Shikamoo. Tu wazima. Mairead miguu imemvimba, anaiweka kwenye beseni la maji ya mtoni jioni. Peigi alimkuta nyuma ya stoo akilamba kipande cha mkaa, wakacheka mpaka chai ikapoa. Tumenunua jiko jipya la chumba cha nyuma, linapasha joto vizuri. Nimepata pia gari la milki lenye nguvu ya magurudumu yote, nililiomba kwa Bwana Sturrock kwa sababu ya barabara. Yeye hupita kila Ijumaa kunywa chai. Huuliza sana habari za kifua cha Dolina.

Uzi mwembamba utatosha. Nzi wa manyoya ya kware, mdogo, mwenye mwili wa rangi ya kahawia. Baba ameacha sita kwenye kofia yake.

Juni haitafaa. Ngoja.

Fearchar


Glasgow, 8 Juni 1987

Fearchar,

Hamjambo nyote? Sawa.

Paa. Jiko. Gari. Na chai kila Ijumaa na mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu pumzi za Dolina! Umeyaandika mwenyewe kwa mkono wako bila haya, kama mtu anayenitumia picha za harusi. Mwenye milki yuko London, hajui tofauti ya trauti na dagaa, anajua tu kwamba Jumapili tupu angeweza kuikodisha kwa wageni wa trauti kama siyo jiwe moja darajani. Anahitaji jambo moja tu: mwaka mmoja upite. Hahitaji mahakama wala polisi. Anahitaji mlinzi wa mto mwenye ufunguo, ambaye anajua kuandika neno moja: "ngoja".

Nakuuliza kama mtoto wa mama mmoja, jibu kwa ndiyo au hapana. Wamekununua?

Ishbel


Inverarvie, 16 Julai 1987

Dada,

Shikamoo. Mvua kidogo, nyasi zimekauka, tumekata mapema. Peigi anafuma kitu cheupe kila jioni, sasa ameishiwa sufu. Nilishusha ile susu yetu ya mbao kutoka darini, ile uliyokuwa ukinibembelezea na kunibana vidole. Imeliwa na wadudu mguu mmoja nikauunga. Mairead anakusalimu. Anasema shangazi wa Glasgow asimfikirie vibaya, hawezi kuandika, anachoka.

Swali lako limefika. Mtu hajibu swali kama hilo kwa barua. Halijibiwi hata kwa mdomo.

Nenda kasome jiwe la darajani. Najua unalijua kwa kichwa. Lisome hata hivyo, au muulize anayelijua.

Fearchar


Glasgow, 10 Agosti 1987

Fearchar,

Nimeelewa. Asiyekana amekiri.

Sina haja ya kwenda kusoma jiwe. Nimelijua kabla hujajua kuvaa viatu. Ruhusa ya Jumapili, basi. Kijiji kizima kinaiita hivyo tangu vita.

Nimekuambatishia makala yangu ya Jumamosi tarehe moja. Sikukutaja jina. Nimeandika "mlinzi mmoja wa mto, mzee wa kanisa, ambaye nyumba yake imepata paa jipya kwa wakati mzuri sana". Nimeandika kwamba nchi hii haijawahi kuuzwa na maadui. Daima huuzwa na shemeji, na binamu, na ndugu mwenye ufunguo, kwa bei ya vigae. Wasomaji wameandika barua nyingi kuliko wiki yoyote mwaka huu. Bibi mmoja wa Perth amenitumia soksi.

Ukitaka kunijibu, gazeti litakupa nafasi sawa na yangu.

Ishbel


Inverarvie, 18 Agosti 1987

Dada,

Makala imesomwa. Bwana Sturrock ameisoma pia. Amekuja siku isiyo Ijumaa, akazunguka nyumba nzima, akaingia chumba cha nyuma. Anasema nyumba lazima ikaguliwe na kupakwa rangi, tuhamishe vitu wiki ya kwanza ya Septemba.

Mairead tumempeleka kwa Dolina.

Fearchar


Glasgow, 12 Septemba 1987

Fearchar,

Wiki tatu na ushee, hata mstari. Simu ya ofisi ya milki nimepiga, msichana akaniambia, "Mlinzi hayupo, mama, yuko kwa mkunga." Nikamwambia, "Anaumwa?" Akasema, "Nani?" Nikakata. Sasa hata wasichana wa ofisini mmewafundisha kuzungusha maneno.

Msimu wa trauti unafungwa tarehe sita Oktoba. Najua kuhesabu.

Ishbel


Inverarvie, 22 Septemba 1987

Dada,

Shikamoo. Tu wazima, tunamshukuru Mungu. Siku hizi hatulali, nyumba ya Dolina ni ndogo na ina kelele. Ruaridh amepata likizo.

Njoo Alhamisi, tarehe moja Oktoba. Basi la posta litakushusha darajani saa nne asubuhi. Fimbo ya baba iko tayari, nimebadilisha uzi. Njoo na mabuti yako marefu na sweta nzito. Usije na mpiga picha. Usimwambie mtu. Safari hii naomba, sisemi ngoja.

Fearchar


Glasgow, 26 Septemba 1987

Fearchar,

Hamlali? Nilidhani. Dhamiri mbaya haina godoro.

Alhamisi! Siku ya kazi, kwenye maji ya milki, peke yangu, bila shahidi, na fimbo mkononi! Unanionaje? Nikisimama majini siku isiyo Jumapili mimi si mrithi wa ruhusa, mimi ni mwizi wa samaki. Sturrock atakuwa nyuma ya kichaka na polisi, na Ijumaa kila gazeti la mpinzani wangu litaandika: Mwandishi wa haki akamatwa akiiba trauti. Mtego mzuri. Ninampongeza aliyeufikiria, maana najua si wewe. Wewe ungeandika "ngoja".

Nitakuja Jumapili tarehe nne, na mpiga picha, na wakili. Lango likiwa limefungwa tutalivunja. Usihangaike kuniwekea chai.

Ishbel


Inverarvie, 2 Oktoba 1987

Dada Ishbel,

Shikamoo.

Nampa dereva wa basi la posta barua hii, ameahidi itakufikia Jumamosi. Ni ndefu kuliko zote nilizokuandikia. Nilitaka niseme haya kwa mdomo jana, nikalingoja basi darajani. Lilisimama, akashuka mwalimu mkuu na gunia la viazi.

Jiwe halisemi Jumapili. Halijawahi. Linasema "siku ambayo samoni wamepumzishwa". Sisi tuliita Jumapili kwa sababu Jumapili ndiyo hupumzika, na tukaacha kusoma. Lakini msimu wa samoni wa mto huu unafungwa jioni ya tarehe thelathini Septemba, na wa trauti tarehe sita Oktoba. Kati hapo kuna siku za kazi, halali kabisa, na mto mtupu. Watu wacha Mungu wangeweza kuvua miaka yote hii. Baba asingetukanwa hata mara moja. Niligundua mwaka huu, nikisimama darajani nikimngoja mgeni aliyepoteza boksi lake la nzi.

Basi jana aliyeshuka mtoni ni Dolina. Gauni lake la kanisani, mabuti ya marehemu mumewe, mimi nimemshika kiuno. Kijiji chote kilikuwa ukingoni, hata mchungaji, na chupa za chai na mikate ya shayiri. Alikuwa hajawahi kushika fimbo. Mara ya kwanza alininasa mimi kola. Mara ya pili alimnasa mwalimu mkuu. Mara ya tatu uzi ukaanguka Dimbwi la Mtungi kama unyoya, na trauti akapanda, mdogo tu, angejaa kiganja. Dolina alipiga kelele ambayo sijaisikia kanisani.

Sturrock alifika akikimbia. "Mlinzi! Leo Alhamisi!"

"Ndiyo, Bwana."

"Ruhusa ni ya Jumapili!"

Mchungaji akamwambia, "Jiwe liko pale, Bwana Sturrock. Mimi mwenyewe nimelihubiri vibaya kwa miaka mingi. Kalisome."

Akaenda kulisoma. Alikaa huko muda. Aliporudi akamtazama Dolina, akasema, na nakuandikia alivyosema, "Basi mwaka huu mmepata. Una umri gani vile, mama?"

Dolina akamjibu, "Mwanangu, umekiulizia kifua changu kila Ijumaa mpaka kimeona haya kikapona."

Watu wakacheka. Nikaona nimalize. Nikamwita Mairead, akaja na mtoto ndani ya shali nyeupe ya Peigi. Nikasema, "Bwana, huyu ni wa tatu."

"Watoto wenu wote wanazaliwa Inverness."

"Huyu hapana. Amezaliwa pale," nikamwonyesha bomba la moshi la nyumba ya Dolina. "Tarehe kumi na mbili Septemba, mchana, mikononi mwa Dolina, na nesi wa wilaya akishuhudia. Mungu akipenda atavua hapa wakati wewe na mimi tumesahauliwa."

Alivua kofia, akaivaa tena, akaondoka.

Sasa unajua. Paa nililiomba ili mvua isimdondokee Mairead. Jiko ni la kumpasha mtoto joto. Gari ni la kumkimbiza Inverness kama ingetokea kama yangu, miguu mbele. Chai ya Ijumaa ilikuwa ili Sturrock akae jikoni, asifike chumba cha nyuma. Nyumba yetu ni ya milki. Angejua mapema angetutoa kabla ya siku. Ulipoandika makala yako alinusa jambo, akaanza na rangi zake, na Mairead akabebwa kwenda kwa Dolina juu ya gari la nyasi, mimba ya miezi minane. Nyumba ya Dolina ni mali yake mwenyewe. Vigae vile vipya mtoto hakuvilalia hata usiku mmoja.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Nilikwambia. Kila barua. Nyama ya nguruwe, mkaa, miguu, sufu nyeupe, susu. Sikuweza kuliandika neno lenyewe, kwa sababu wewe hujawahi kukaa na jambo siku mbili bila kuwapa watu wote wa Glasgow. Nikasema nitaliweka kwenye salamu. Mtu wa nyumbani ataliona, mtu wa gazeti hataliona. Ulizisoma salamu zangu kama polisi, dada. Ukachukua vigae, ukaacha mtoto.

Kazi nadhani imekwisha. Barua ya ofisi bado, lakini Sturrock hakunisalimu leo. Ikija tutahamia kwa Dolina, tutabanana. Sikuandiki ili uandike makala. Nakuomba usiandike.

Ni msichana. Anaitwa Dolina. Jina lake la pili ni Ishbel. Peigi alisema lako liwe la pili, kwa sababu la pili halitumiki sana.

Ndugu yako,
Fearchar


Glasgow, Jumatatu, 5 Oktoba 1987

Mdogo wangu Fearchar,

Nakusalimu. Kifua chako kikoje, baada ya kusimama majini asubuhi nzima umemshika mtu kiuno? Kola uliyonaswa Peigi ameishona?

Wifi yangu Peigi hajambo? Sufu alipata? Mwambie soksi za bibi wa Perth ni nyeupe, za sufu safi, nazileta zifumuliwe.

Mairead hajambo? Miguu imepungua? Usingizi? Mwambie shangazi hakumfikiria vibaya. Hakumfikiria kabisa, na hilo ni baya zaidi.

Ruaridh hajambo? Likizo yake inaisha lini? Anamshika mtoto vizuri, au kama wewe ulivyokuwa ukimshika yeye, kama mtu aliyebeba ndoo?

Dolina mkunga hajambo? Mikono iliyonipokea mimi, na kumpokea huyu, na kunasa kola yako, nauliza habari zake kwa heshima. Kifua siulizi.

Mchungaji, mwalimu mkuu na viazi vyake, mbwa, hamjambo?

Na Dolina mdogo. Ana nywele? Analia kwa hasira au kwa huzuni? Ananyonya? Susu haiyumbi kwenye ule mguu uliounga? Vidole vyake vikoje? Sitavibana.

Mimi mzima. Mpiga picha nilimwambia Jumamosi jioni asije, wakili vilevile. Mhariri amepiga simu mara mbili kuuliza makala ya wiki hii iko wapi, nikamwambia sina la kusema. Alidhani naumwa.

Napanda treni ya leo usiku na basi la posta la kesho, tarehe sita. Fimbo moja, mtu mmoja. Kama tutavua, tuvue. Kama mto umechafuka, nitakaa na mtoto. Barua hii itafika baada yangu. Isome hata hivyo, kuanzia juu. Safari hii salamu ndizo barua.

Dada yako,
Ishbel